Makala ya tiba: Yapo makosa ya Kiingereza ya kuaibisha, na yapo ya kudhuru

WATAALAMU wa lugha tuna sifa moja mbaya mbele ya madaktari. Wanatuona kama watu wa kuhesabu mikato na kuwinda tahajia, huku wao wakiokoa maisha. Kila ninapoletewa mswada wa makala ya tiba nipitie Kiingereza chake, mwenyewe huniambia kwa upole: "Prof, wewe nirekebishie lugha tu, sayansi iko sawa." Kauli hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga leo. Inachukulia kwamba sayansi ni mwili na lugha ni kanzu, na kwamba kanzu ikichafuka mwili unabaki safi.

Msimamo wangu ni huu: katika maandishi ya tiba, makosa mengi ya sarufi ni makosa ya sayansi yenyewe. Sentensi ikisema jambo ambalo utafiti haukuligundua, basi utafiti umeandikwa uongo, hata kama maabara ilifanya kazi yake barabara. Lakini nina lawama pia kwa wenzangu wahariri na wasimamizi wa tasnifu. Tumeshika bakora mahali pasipofaa. Tunayakemea makosa yasiyodhuru, na yale ya kudhuru tunayapisha yapite.

Haya, tuanze na yasiyodhuru ili tuyaweke kando. Chukua neno "data". Kwa asili ni wingi wa neno la Kilatini, na majarida mengi ya tiba bado hudai liandamane na kitenzi cha wingi: "the data are". Ukiandika "the data is", mhariri atakuzungushia duara jekundu kama mwalimu wa darasa la nne. Vivyo hivyo "criteria" na "bacteria", ambayo ni maneno ya wingi lakini huandikwa na wengi kana kwamba ni umoja. Sisi katika Kiswahili tumeipeleka data katika ngeli ya I-ZI, tukasema data hii na data hizi, na hakuna mgonjwa aliyezidiwa kwa sababu hiyo.

Je, nasema yasisahihishwe? La hasha. Msomaji akikuta upatanisho umevunjika katika ukurasa wa kwanza, ataanza kuzishuku hesabu zako katika ukurasa wa tano, na atakuwa na haki. Ninachosema ni kwamba haya ni makosa ya adabu. Mtu akiyamaliza asijipigie makofi akadhani kazi imekwisha. Kazi yenyewe haijaanza.

Nani alichemshwa?

Tazama sentensi hii ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara: "After boiling for 20 minutes, the nurse used the instruments." Mwandishi alikusudia kusema kwamba vifaa vilichemshwa kwa dakika 20, kisha muuguzi akavitumia. Kiingereza hakisemi hivyo. Katika lugha hiyo, kirai cha mwanzo kisicho na kiima chake hujitafutia kiima katika kishazi kinachofuata, na kiima kilicho karibu hapa ni muuguzi. Maskini dada wa watu amechemshwa dakika 20 nzima kabla ya kushika kazi!

Kiswahili kingemwokoa mwandishi huyu: "Vilipokwisha kuchemshwa kwa dakika 20, muuguzi alivitumia vifaa hivyo." Kile kiambishi "vi-" kwenye kitenzi kinashuhudia nani alichemshwa. Kitenzi chetu hakiendi safari bila kitambulisho.

Hata hivyo, tusijisifu kupita kiasi. Sema, "Akiwa hajala tangu usiku, daktari alimpasua mgonjwa." Nani hajala? Daktari na mgonjwa wote ni wa ngeli ya A-WA, kwa hivyo kiambishi hakitusaidii tena. Na sentensi kama "Tuliwapima akina mama na watoto walioambukizwa" ina utata uleule katika lugha zote mbili. Walioambukizwa ni watoto peke yao, au ni akina mama pia? Kosa la muuguzi aliyechemshwa linachekesha, na kila msomaji atalielewa. Hili la pili halichekeshi mtu, na kwa sababu hiyo hakuna anayeliona. Mtafiti wa Kisumu au Kampala anayetaka kuurudia utafiti huo atabahatisha ni nani walipimwa.

Wote, au baadhi?

Kosa jingine ambalo halipigiwi duara jekundu ni mahali pa kukanusha. "All patients did not respond to the drug." Sentensi hii imekamilika kisarufi, na programu ya kusahihisha lugha kwenye kompyuta haitaigusa. Lakini ina maana mbili. Ya kwanza: wagonjwa wote hawakupata nafuu. Ya pili: si wagonjwa wote waliopata nafuu. Kwa maana ya kwanza dawa ni bure kabisa. Kwa maana ya pili imewafaa baadhi, pengine wengi. Baina ya maana hizo mbili pana uamuzi mzima wa kununua dawa au kutoinunua.

Dawa ya utata huu ni rahisi. Kama hakuna hata mmoja, andika "none of the patients". Kama ni baadhi, andika "not all patients". Bora zaidi, toa idadi: 31 kati ya 50. Tarakimu haina haya ya kusema ukweli.

Nduguye kosa hili ni neno "only", ambalo kwetu ni "tu". Kulisogeza hatua moja ni kuibadilisha habari. "Watoto tu walipewa dawa" maana yake watu wazima hawakupewa. "Watoto walipewa dawa tu" maana yake hawakupewa kitu kingine, si maji ya chumvi na sukari, si chakula. Katika mazungumzo sauti yetu hupanda na kushuka ikatuonyesha lengo la msemaji. Karatasi haina sauti.

Kuna pia maneno ambayo utata wake umo ndani ya kamusi. "Biweekly" ni mara mbili kwa wiki, na pia ni mara moja kila wiki mbili. Kamusi za Kiingereza zenyewe zinazikubali maana zote mbili. Katika wiki nne, hiyo ni tofauti ya dozi nane na dozi mbili. Atakayesema haya ni mambo madogo na aikumbuke methotreksati, dawa inayotumiwa kutibu baridi yabisi. Hunywewa mara moja kwa wiki. Wapo wagonjwa walioinywa kila siku kwa sababu ya maelekezo yaliyoandikwa au kusomwa vibaya, wakafa. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa dawa husisitiza siku yenyewe itajwe kwa jina, iwe Jumatatu au Ijumaa.

Kutoka "-li-" hadi "hu-"

Sasa tufike kwenye kosa ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni la wakati wa kitenzi. Mapokeo ya uandishi wa tiba ni haya: ulichofanya na ulichopata huandikwa kwa wakati uliopita, jambo lililokwisha kuthibitishwa na kukubalika huandikwa kwa wakati uliopo. Wengi huyachukulia kama kanuni za mtindo tu. Kwa kweli ni kanuni za uaminifu.

Mzungumzaji wa Kiswahili analielewa jambo hili bila kufundishwa. Nikisema, "Dawa hii ilipunguza homa kwa watoto 40 tuliowachunguza," nimetoa ushahidi wa jambo lililotokea mahali fulani, kwa watu fulani. Nikisema, "Dawa hii hupunguza homa kwa watoto," nimetangaza tabia ya dawa hiyo kila mahali na kila siku. Kutoka "-li-" hadi "hu-" ni safari ndefu, inayohitaji tafiti nyingi njiani. Katika Kiingereza safari hiyo imefichwa katika mwisho wa kitenzi: "reduced" ikawa "reduces". Herufi moja imebadilika, na madai yamevuka mipaka.

Mfano wake ninaoutumia kila mwaka darasani haukutoka kwetu, ulitoka Marekani. Januari 1980, jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya Jane Porter na Hershel Jick wa Boston. Barua yenyewe ilikuwa ya sentensi tano. Waandishi walisema kwamba walipitia kumbukumbu za wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa walau mara moja dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na kwamba kati ya wale wasiokuwa na historia ya uraibu, walipata wanne tu waliothibitika kuwa waraibu. Sarufi yao haikuwa na doa. Waliyaeleza waliyoyapata kwa wakati uliopita, na walitaja wazi kwamba wagonjwa hao walikuwa wamelazwa.

Kichwa cha barua, hata hivyo, hakikuwa na kitenzi. Kilisema, kwa Kiswahili, uraibu nadra kwa wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa hizo. Vichwa vya Kiingereza huruhusiwa kuacha kitenzi. Lakini pasipo kitenzi hapana wakati, na msomaji hujazia mwenyewe. Wengi walijazia "ni".

Mwaka wa 2017, watafiti wa Canada walichapisha katika jarida lilo hilo hesabu ya jinsi barua ile ilivyonukuliwa. Walipata makala na vitabu 608 vilivyoitaja. Kati ya hivyo, 439, yaani asilimia 72.2, viliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wanaotibiwa kwa dawa za afyuni. Na 491, yaani asilimia 80.8, havikusema kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa hospitalini. Kwa maoni ya watafiti hao, unukuzi huo wa kizembe ulichangia janga la dawa za afyuni huko Amerika Kaskazini, kwa kuwashawishi madaktari kwamba mtu anaweza kuandikiwa vidonge hivyo akavimeza nyumbani kwa muda mrefu bila hatari kubwa.

Simwambii mtu kwamba sarufi peke yake ilileta janga lile. Palikuwa na biashara, palikuwa na tamaa, na palikuwa na uvivu wa kusoma chanzo chenyewe. Lakini hebu tazama mambo mawili yaliyopotea njiani. La kwanza ni kivumishi kimoja, "hospitalized". La pili ni wakati uliopita. Mhariri ambaye angeuliza maswali mawili ya mwalimu wa shule ya msingi, wagonjwa gani na lini, angeyarudisha yote mawili mahali pake. Nina yakini kwamba katika makala hayo 608, "data is" zilisahihishwa kwa bidii.

Nani alishindwa?

Kosa la nne linahusu kiima, yaani yule anayebebeshwa kitenzi. Madaktari huandika, "The patient failed treatment." Mgonjwa ameshindwa na tiba! Kwa hakika mgonjwa alimeza alichopewa. Iliyoshindwa ni dawa. Geuza kiima, useme tiba haikumfaa mgonjwa, na lawama imehama kutoka kwa mtu hadi kwa kidonge, mahali inapostahili kuwa.

Katika vita dhidi ya kifua kikuu lugha hii ilikita mizizi kwa miaka mingi. Mtu aliyekuwa na kikohozi cha muda mrefu aliitwa mshukiwa, neno la polisi. Aliyeacha dawa aliitwa kwa Kiingereza "defaulter", neno lilelile la mtu aliyekosa kulipa mkopo. Mwaka wa 2013, Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya istilahi zake, liliyaacha maneno hayo mawili. Sasa tunazungumza juu ya mtu anayedhaniwa kuwa na kifua kikuu, na mtu ambaye ufuatiliaji wake ulikatika. Huenda kliniki iko mbali. Huenda nauli haikupatikana. Huenda kituo chenyewe kiliishiwa na dawa. Neno la zamani lilijibu swali kabla ya kuliuliza, na jibu lake lilikuwa: kosa ni la mgonjwa.

Kauli ya kutendwa nayo ina mambo yake. Siipigi vita. "Damu ilichukuliwa asubuhi" ni sentensi nzuri, kwani hatuna haja ya kumjua aliyeshika sindano. Lakini "iliamuliwa oksijeni iondolewe" ni sentensi yenye kujificha. Nani aliamua? Mahali penye uamuzi, mwenye uamuzi atajwe. Majarida makubwa siku hizi yanaruhusu "we decided", tuliamua, na hakuna sababu ya mwandishi wetu kuogopa nafsi ya kwanza eti ni utovu wa heshima.

Sifuri ya mkia

Wapo watakaosema kwamba sifuri si sarufi. Mimi nasema alama na tahajia ni sarufi ya maandishi. Mwaka wa 2004, Tume ya Pamoja inayotoa ithibati kwa hospitali nchini Marekani ilitoa orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa. Miongoni mwa mambo iliyokataza ni kuandika "1.0 mg", kwani nukta ikififia msomaji ataona 10. Ilikataza pia ".5 mg", kwani nukta isipoonekana itasomwa 5. Andika 1, andika 0.5. Ilikataza herufi "U" kwa maana ya yuniti, kwa sababu "10U" ya insulini iliyoandikwa haraka husomeka 100. Mwanafunzi wa udaktari anayejifunza haya katika mwaka wa kwanza amejifunza sarufi yenye faida kuliko orodha nzima ya wingi wa maneno ya Kilatini.

Tufanyeje?

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, kwamba daktari ana wagonjwa 60 kwenye foleni na hana wakati wa vishazi. Nakubali kuwa foleni ipo. Lakini makala ya utafiti hayaandikwi kwenye foleni; huandikwa kwa miezi. Pili, kwamba siku hizi kuna programu za kompyuta zinazonyoosha Kiingereza. Ni kweli, na zinafanya kazi nzuri kwenye makosa ya adabu. Hata hivyo, programu haikuwa wodini. Haijui kama ulikusudia wote au baadhi, wala haijui kwamba watoto wako walikuwa 40 wa kijiji kimoja. Itakupigia pasi sentensi ya uongo mpaka ing'ae.

Pendekezo langu ni la bei nafuu. Kabla ya kutuma makala yako kwa jarida, kaa chini uitafsiri ikisiri yake kwa Kiswahili, kwa mkono wako, si kwa mashine. Kiswahili kitakulazimisha. Kila kitenzi kitakudai kiima chake. Itakubidi uchague kati ya "-li-" na "hu-". Itakubidi uamue kama ni wote hawakupona au si wote waliopona. Utakapokwama, usidhani ni Kiswahili kilichopungukiwa na istilahi. Mara nyingi utagundua kwamba sentensi yako ya Kiingereza haikuwa imeamua inasema nini.

Faida yake ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Kamati za maadili ya utafiti hutaka fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha anayoielewa mshiriki, na kwa hivyo tunawatafsiria watu wetu Kiswahili tunapotaka damu yao. Matokeo yakitoka, ni nadra kuwarudia kwa lugha hiyo hiyo. Huchapishwa kwa Kiingereza na kusomwa mbali. Vyuo vyetu vya tiba vikimtaka kila mwanafunzi wa uzamili aambatishe ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu kwenye tasnifu yake, mama wa Kwale aliyetoa mkono wake ukadungwa ataweza kusoma kilichopatikana. Na akiona imeandikwa kwamba wote hawakupona, ilhali mwanawe alipona, atakuwa wa kwanza kumsahihisha daktari.